Je, Wajua? Maajabu ya Vitu Yabisi, Kutoka Chumvi ya Jikoni Hadi Betri ya Simu

Kuna sayansi isiyo na mwenyewe mmoja. Katika baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani, mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anaweza kubaki na fani yake kuu, iwe kemia, fizikia, jiolojia au uhandisi, kisha akaongeza fani ya pili: sayansi za vitu yabisi. Hapo hana budi kuvuka ua. Mkemia ataingia darasa la fizikia, mhandisi atakaa na watu wanaosomea miamba. Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu jiwe, panga, kidonge na simu havijui idara. Soma haya uone.

Chumvi iliwahi kugombanisha wasomi

Je, wajua kwamba ndani ya punje ya chumvi hakuna hata molekuli moja ya chumvi? Kuna sodiamu na klorini tu, zimepangwa kwa zamu juu, chini na kila upande. Kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, kila klorini imezungukwa na sodiamu sita, wala huwezi kusema ipi ni mwenzi wa ipi.

Haya yalijulikana mwaka 1913. William Henry Bragg na mwanawe, William Lawrence, walipiga fuwele kwa eksirei na kusoma mpangilio wa atomu kutokana na jinsi miale ilivyotawanyika. Mwaka 1915 baba na mwana walipewa Tuzo ya Nobel pamoja. Mwana alikuwa na miaka 25, na hadi leo hajatokea mwanafizikia mdogo kuliko yeye aliyeipata.

Si wakemia wote waliopiga makofi. Mwaka 1927, Mwingereza Henry Armstrong, mkemia mkongwe karibu miaka 80, aliliandikia jarida la Nature kwa hasira. Hakukubali kwamba chumvi, kitu alichokijua maisha yake yote, imepangwa mithili ya ubao wa sataranji, na akaona wanafizikia wameingia shamba lisilo lao. Leo mpangilio huo unafundishwa katika kila kozi ya kemia ya chuo kikuu. Nayo punje yenyewe si ndogo kama unavyodhani: ile yenye upana wa milimita 0.3 ina atomu zipatazo milioni moja kwenye ukingo mmoja tu. Ukihesabu punje nzima, andika 1 kisha fuatisha sifuri 18.

Almasi na penseli ni ndugu wa tumbo moja

Zote mbili ni kaboni. Ndani ya almasi kila atomu imeshikana na jirani wanne, pande zote, bila mwanya wa kuteleza. Ndani ya kinywe, madini yanayotiwa kwenye penseli, kila atomu imeshikana na jirani watatu tu, na matokeo yake ni karatasi nyembamba mno zinazoteleza moja juu ya nyingine. Ukiandika jina lako, unaziacha karatasi hizo daftarini.

Tanzania imejaliwa ndugu wote wawili. Mwadui, Shinyanga, ambako mwanajiolojia wa Kanada John Williamson aligundua mgodi mwaka 1940, ndiko ilikotoka almasi ya waridi ya karati 54.5 mwaka 1947. Williamson alimpa Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa bado binti mfalme, iwe zawadi ya harusi. Ilipochongwa ilibaki karati 23.6. Kinywe nacho kimelala kwa wingi Mahenge na mkoani Lindi.

Milimita moja ya kinywe ina karatasi za atomu karibu milioni 3. Mwaka 2004, chuoni Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walitaka kupata moja tu. Walitumia selotepu! Walibandika, wakabandua, wakarudia hadi wakafika kwenye karatasi yenye unene wa atomu moja, iitwayo grafini. Mwaka 2010 wakapewa Nobel ya fizikia.

Na mwenye kidani asishtuke: kwa kanuni za maumbile, almasi iliyo shingoni iko safarini kugeuka kinywe. Ila safari hiyo ni ya polepole kiasi kwamba hakuna mwanadamu atakayeiona ikifika.

Vanadiamu ileile: hapa buluu, pale kijani

Tanzanaiti inachimbwa mahali pamoja tu duniani, Mererani, wilayani Simanjiro. Buluu yake inatokana na vanadiamu kidogo sana iliyojipenyeza ndani ya fuwele. Sasa chukua vanadiamu hiyohiyo, itie ndani ya garneti badala ya zoisaiti, madini ambayo tanzanaiti ni aina yake, nawe utapata tsavoraiti, jiwe la kijani linalopatikana Tanzania na Kenya na lililopewa jina la Tsavo.

Jambo hilohilo limo kwenye yakuti na zumaridi. Moja nyekundu, nyingine kijani, na rangi zote mbili ni kazi ya kromiamu. Kinachotofautiana ni jinsi atomu za jirani zinavyoibana: ikibanwa zaidi inameza mwanga mwingine na kuachia mwingine, na jicho linaona rangi tofauti kabisa.

Mawe mengi ya tanzanaiti hutoka ardhini yakiwa na rangi ya hudhurungi isiyovutia. Yakitiwa kwenye tanuru kwa joto la nyuzi 500 au 600 hivi, hudhurungi inaondoka na buluu inabaki. Na lile ambalo halijapikwa, ukilizungusha polepole mbele ya dirisha, unaweza kuona rangi tatu katika jiwe moja: buluu, zambarau na shaba. Hazionekani kwa pamoja. Kila upande una yake, kwa kuwa mpangilio wa atomu haufanani ukiutazama kutoka pande tofauti.

Usidhani haya ni mambo ya sonara pekee. Tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman wa California alimulika kijiti cha yakuti kilichotengenezwa maabara kwa taa yenye nguvu kubwa, na kromiamu iliyomo ikatoa mwanga mwekundu ulionyooka kupita wote uliowahi kuonekana. Hiyo ndiyo leza ya kwanza duniani.

Chuma cha Buhaya kilikalisha wazee na maprofesa tanuru moja

Mwaka 1978 jarida la Science lilichapisha makala ya watu wawili wa Chuo Kikuu cha Brown. Peter Schmidt alikuwa mwanaanthropolojia anayechimba mambo ya kale. Donald Avery alikuwa profesa wa uhandisi, mtaalamu wa metali. Walichokiripoti kiliwashangaza wengi: mafundi wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, walikuwa wakizalisha chuma cha pua kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita.

Ninachokipenda zaidi katika habari hii ni jinsi walivyojua. Uhunzi wa kuyeyusha mawe ya chuma ulikuwa umekwisha Buhaya miongo mingi nyuma, baada ya chuma cha madukani kuingia. Lakini wazee walioufanya ujanani walikuwapo bado. Miaka ya 1970 walijenga tanuru upya na kuonyesha kazi yenyewe. Walichimba shimo na kulijaza matete yaliyochomwa hadi kuwa makaa. Juu yake wakajenga tanuru, wakaingiza mirija ya udongo hadi ndani kabisa, kisha mivukuto ikafanya kazi saa baada ya saa. Kwa hesabu za Schmidt na Avery, mirija ile ilipokuwa ndani ya moto ilipasha hewa kabla haijafika kwenye mkaa, na joto likapanda kupita nyuzi 1,800. Wataalamu wengine wamelibishia suala hilo la hewa kupashwa, na mabishano yameendelea kwa miaka. Chuma chenyewe hakibishaniwi, kwani kilipimwa.

Na matete je? Hapo ndipo vitu yabisi vinapofurahisha. Chuma kinapofika nyuzi 912, atomu zake hujipanga upya bila kuyeyuka, na mpangilio huo mpya una nafasi kubwa zaidi za kaboni kujificha. Chuma baridi hubeba kaboni isiyofika sehemu 3 katika 10,000. Kikiwa cha moto katika mpangilio wa pili hubeba karibu sehemu 200. Kaboni ya mkaa na ya matete hupenya humo. Mhunzi anapochomoa panga jekundu na kulichovya majini ghafla, kaboni inanaswa kabla haijapata pa kutokea, na makali yanakuwa magumu. Mhunzi yeyote anayejua kazi yake anajua lini achovye, kwa kutazama rangi tu.

Tazama orodha ya waliohitajika ili tuyajue haya: mwanaanthropolojia, mhandisi wa metali, na wazee wa Kihaya ambao bila wao wale wawili wangebaki na mabaki ya udongo na mavi ya chuma mikononi.

Waya wa kufungia nondo unachoka kwa sababu una kasoro

Chukua kipande cha waya wa kufungia nondo, ukikunje na kukikunjua. Mara ya kwanza ni laini. Mara ya nne au ya tano utahisi kinakataa. Gusa pale penye kunjo: pana joto. Endelea kidogo, kitakatika.

Metali iliyopangwa bila dosari yoyote ingekuwa imara mamia au hata maelfu ya mara kuliko tunayoijua. Metali halisi hupinda kwa sababu safu zake za atomu zina mikunjo midogo. Ukitaka kusogeza mkeka mzito, huhitaji kuuvuta wote. Unafanya kunjo upande mmoja na kulisukuma hadi upande wa pili. Atomu hufanya vivyo hivyo, safu moja kwa wakati. Mwaka 1934 watu watatu walilitambua hilo kila mmoja kivyake: Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi. Ukikunja waya mara nyingi, mikunjo huongezeka, hukwamana, na hapo ugumu huja, kisha mvunjiko.

Baridi nayo huizuia mikunjo isitembee. Januari 1943 meli ya mafuta SS Schenectady, mpya kabisa, ilipasuka katikati ikiwa imefungwa gatini huko Portland, Oregon, maji yakiwa shwari. Nyingine nyingi zilizojengwa haraka wakati wa vita zilipata nyufa. Mwanasayansi wa Cambridge, Constance Tipper, alionyesha kwamba chuma kilichotumika kilikuwa kikigeuka dhaifu kama kigae kikipoa kupita kiasi fulani. Kwa kuwa mabamba yaliunganishwa kwa kuchomelewa, ufa ulioanza upande mmoja haukukuta mahali pa kusimama.

Dawa iliyobadilika bila kubadilika

Mwaka 1996 ritonavir iliingia sokoni, mojawapo ya dawa zilizowapa matumaini wagonjwa wa UKIMWI. Mwaka 1998 vidonge vyake vikaanza kushindwa vipimo kiwandani. Havikuyeyuka inavyotakiwa. Molekuli ilikuwa ileile, haikupungua wala kuongezeka atomu hata moja. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba molekuli hizo zilipata namna nyingine ya kujipanga, fuwele ya umbo la pili ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Ilikuwa tulivu zaidi, na kwa hiyo ngumu zaidi kuyeyuka, na dawa isiyoyeyuka haifiki kwenye damu.

Baya zaidi, umbo hilo liliambukiza. Kipande kidogo kisichoonekana kwa jicho kikiingia katika maabara, fuwele mpya zilikifuata, na lile umbo la zamani likawa gumu kupatikana mahali hapo. Vidonge vikaondolewa sokoni. Wagonjwa walilazimika kunywa dawa ya maji yenye ladha mbaya hadi aina nyingine ya kidonge ilipopatikana mwaka uliofuata. Tangu hapo, watengenezaji wa dawa hutafuta maumbo yote ya fuwele mapema, na mtaalamu wa fuwele amekuwa mtu wa lazima katika kutengeneza dawa.

Chokoleti ina kisa cha namna hiyohiyo, ila kitamu. Siagi ya kakao, iwe ya Kyela au ya Bundibugyo, inaweza kuganda kwa maumbo sita. Watengenezaji wanalitaka la tano, linalong'aa, linalokatika kwa mlio na kuyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mdomo. Ule utando mweupe kwenye chokoleti iliyokaa dukani muda mrefu si ukungu: mara nyingi ni siagi hiyo inahamia umbo la sita.

Saa yako inatikisika mara 32,768 kwa sekunde

Ndani ya saa ya kawaida ya mkononi kuna kijipande cha kwatzi. Ukikipa umeme kinatikisika. Ukikibana kinatoa umeme. Ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, waligundua tabia hiyo ya pili mwaka 1880. Kwa nini 32,768? Kwa sababu ukiigawa namba hiyo kwa mbili mara 15 unapata 1 kamili, na hiyo ndiyo sekunde. Kwa siku moja kijipande hicho hutikisika mara bilioni 2.8. Saa ya kwanza ya mkononi ya aina hii, Seiko Astron, iliuzwa Tokyo siku ya Krismasi mwaka 1969. Na ule mlio wa "ta!" wa kiwashio cha jiko la gesi ni tabia hiyohiyo, safari hii ndani ya kauri maalumu: kauri inagongwa, umeme unaruka, moto unawaka.

Kalamu iliyochovywa pasipostahili

Inasimuliwa kwamba mwaka 1916 Jan Czochralski, Mpolandi aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alichovya kalamu yake kwenye chungu cha bati lililoyeyuka badala ya wino. Alipoivuta, uzi mwembamba wa bati ukafuata, nao ulikuwa fuwele moja tangu mwanzo hadi mwisho. Leo vijiti vya silikoni kwa ajili ya simu na kompyuta huvutwa kwa njia hiyo: nguzo zenye kipenyo cha milimita 300, ndefu kuliko mtu, na kila moja ni fuwele moja tu.

Silikoni hiyo husafishwa hadi asilimia 99.9999999. Kama watu wote bilioni 8 wa dunia wangekuwa atomu zake, wageni wasiotakiwa wangekuwa 8.

Transista ya kwanza ilizaliwa Desemba 1947 katika Maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa wanafizikia John Bardeen na Walter Brattain, chini ya kundi la William Shockley. Lakini aliyeng'ang'ania kwamba transista inahitaji fuwele moja safi alikuwa mkemia, Gordon Teal. Wakubwa wake hawakuona haja. Akatengeneza mtambo wa kuvutia fuwele uliofungwa magurudumu, akawa anaufanyia kazi usiku na kuuficha asubuhi. Mwaka 1954, akiwa Texas Instruments, alitangaza transista ya silikoni. Fizikia ilianzisha, kemia ikaifanya iuzike.

Tochi ya simu ni ya buluu

Zima tochi ya simu yako, uitazame kwa karibu. Utaona doa la njano. Hilo ni unga uliowekwa juu ya taa ya LED ambayo yenyewe hutoa mwanga wa buluu. Sehemu ya buluu inapita, sehemu inageuzwa njano, na jicho likichanganya zote mbili linaona weupe.

LED nyekundu ilipatikana mwaka 1962. Buluu angavu ilichukua miaka 30 zaidi, kwa kuwa fuwele ya galiamu na naitrojeni ilikuwa kaidi kukua bila nyufa. Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura waliishinda, wakapewa Nobel mwaka 2014. Kila taa ya sola inayomulika daftari la mtoto kijijini ni matunda ya kazi hiyo.

Galiamu yenyewe ina vituko. Inayeyuka kwenye nyuzi 29.8. Ulaya wakati wa baridi ni metali ngumu mezani. Dar es Salaam au Mombasa, mchana wa Februari, ni kimiminika.

Mwanafizikia aliyepewa Nobel ya kemia akiwa na miaka 97

John Goodenough alisomea hisabati Yale. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mtabiri wa hali ya hewa jeshini. Baadaye akachukua uzamivu wa fizikia Chicago, akafanya utafiti wa kumbukumbu za kompyuta, kisha mwaka 1976 akaenda Oxford kuongoza maabara ya kemia. Hapo, mwaka 1980, kundi lake lilionyesha kwamba oksidi ya kobalti na lithiamu inafaa kwa betri kuliko chochote kilichokuwapo. Alimalizia kazi Texas akiwa profesa wa uhandisi. Mwaka 2019 alipewa Nobel ya kemia pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino, na hakuna aliyewahi kuipata Nobel yoyote akiwa mzee kuliko yeye. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 100.

Betri hiyo inafanya kazi kwa kuhamisha wapangaji. Upande mmoja kuna tabaka za oksidi ya kobalti, upande wa pili tabaka za kinywe, kilekile cha penseli. Ukichaji simu, lithiamu inatoka kati ya tabaka za kobalti na kwenda kukaa kati ya tabaka za kinywe. Ukipiga simu, inarudi. Inakwenda na kurudi mamia ya mara, nyumba zote mbili zikiwa bado zimesimama.

Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa Lualaba na Katanga ya Juu, na mji wa Kolwezi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, umezungukwa na migodi yake. Wengi huchimba kwa mikono, ndani ya mashimo yasiyo na nguzo, kwa malipo madogo. Utafiti wa betri zisizohitaji kobalti umeshazaa matunda, na zipo sokoni tayari. Hadi zitakapoenea kote, anayeisifu betri na amkumbuke pia anayeshuka shimoni.

Fuwele iliyokatazwa

Vigae vya pembetatu, vya mraba na vya pembe sita vinaenea sakafuni bila kuacha mwanya. Vya pembe tano za kulingana haviwezi, jaribu upendavyo. Kwa hiyo vitabu vilisema fuwele haiwezi kuwa na ulinganifu wa pande tano wala kumi. Tarehe 8 Aprili 1982, Dan Shechtman wa Israeli, akiwa kwenye hadubini ya elektroni huko Maryland, aliona nukta kumi zikizunguka katikati katika mchanganyiko wa alumini na manganizi. Aliambiwa akasome kitabu cha kiada. Aliombwa aondoke kwenye kundi la utafiti. Linus Pauling, mshindi wa Nobel mbili, alimpinga hadi kufa kwake. Mwaka 1992 maana rasmi ya fuwele ilibadilishwa, na mwaka 2011 Shechtman alipata Nobel ya kemia peke yake.

Mwaka 2007 Peter Lu na Paul Steinhardt walionyesha kwamba mafundi Waislamu wa Isfahan, katika jengo la Darb-i Imam la mwaka 1453, walikuwa wamepamba ukuta kwa mpangilio unaokaribiana sana na huo. Zaidi ya miaka 500 kabla ya hadubini ya Maryland.

Baridi ya hospitali na gesi ya Rukwa

Mwaka 1911, Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki hadi nyuzi 269 chini ya sifuri na kukuta umeme unapita bila kizuizi chochote. Mashine za MRI hospitalini hutumia tabia hiyo, na sumaku zake huogeshwa heliamu ya kimiminika ili zibaki na baridi hiyo. Heliamu ni adimu, na mwaka 2016 ilitangazwa kuwa ipo kwa wingi chini ya bonde la Rukwa, Tanzania.

Roketi ya Warusi ilivunja kuta za vyuo vya Marekani

Oktoba 1957 Warusi walirusha setilaiti ya Sputnik. Wamarekani walishtuka, na miongoni mwa mambo waliyoyakuta yamewakwamisha ni ukosefu wa metali na kauri za kuvumilia joto na kasi ya anga. Wakatambua kwamba wataalamu wanao, ila wamegawanyika kwenye idara zisizozungumza. Mwaka 1960 serikali ilifadhili maabara za pamoja katika vyuo vitatu vya kwanza: Cornell, Pennsylvania na Northwestern. Fedha zilitolewa kwa sharti la kushirikiana: mkemia, mwanafizikia na mhandisi watumie mitambo ileile. Wanafunzi waliopita humo walihitaji masomo yanayovuka idara, na fani za pili kama hii ya vitu yabisi zinakidhi haja hiyohiyo.

Kwetu mlango upo. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha imeweka sayansi ya maada, nishati, maji na mazingira chini ya skuli moja, na malighafi tunazo, kuanzia kinywe cha Mahenge hadi heliamu ya Rukwa. Basi wewe uliye chuoni, muhula ujao chagua somo moja nje ya idara yako. Ukiwa wa fizikia, nenda kwa watu wa miamba. Ukiwa wa kemia, nenda kwa wahandisi. Na likizo ikifika, mtafute mhunzi wa kwenu, umwombe akuonyeshe rangi ya chuma anayoisubiri kabla hajakichovya majini.